Pilipili ya Mama Elia

Jumapili

Midomo bado inaniwaka, lakini nacheka peke yangu.

Wiki nzima niliogopa kwenda Ngaramtoni kumwona mama wa mchumba wangu, Elia. Mimi ni karani ninayeogopa hata kuazima stepla ofisini, sembuse kukaguliwa na mkwe! Leo mezani nikahofia kubakiza chakula kutaonekana dharau, basi nikamaliza mpaka kile kibakuli cha pilipili. Kumbe kilikuwa cha meza nzima.

Nikanywa maji, moto ukazidi. Machozi yakanitoka.

"Mwanangu, tumekukosea nini?" mama akauliza.

Kwa hofu nikajibu kama niko kwenye mtihani. "Ni kapsaisini, mama. Ndiyo inayofanya pilipili iwashe. Haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kama yale ya maziwa."

Elia akaangalia dari. Nikajua nimeshaharibu.

"Hotuba yote hiyo," mama akasema, "si useme tu unataka maziwa?"

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akanimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, akasimama pale pale mpaka nikamaliza kikombe.

Tulipoaga akaning'ang'ania mkono. "Jumapili ijayo nitakuwekea kibakuli chako, kidogo."

Ijayo. Amesema ijayo.