Chuchu Aliyoachiwa Somoe

Likombe,
Mtwara.
9 Juni 2024

Mpendwa Kaka Zuberi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Habari za Kahama? Wifi Mwanaisha na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi wazima wa mwili, ila kuna jambo siwezi kulisema kwa simu, maana Mama hukaa karibu akisikiliza.

Tangu tulipomzika dada Somoe, Mama hakutaka mtu mwingine amkamue ng'ombe wetu Tunu. Ilikuwa kazi ya marehemu, akaichukua yeye. Nikawa naona kila alfajiri anakamua chuchu tatu, ya nne haigusi. Nilipomuuliza akasema, "Hiyo ya Somoe. Atakuja kuikamua mwenyewe."

Nikadhani ni majonzi tu. Lakini Kaka, wallahi, asubuhi moja Mama akiwa bado kwenye mswala, nilisikia maziwa yakichuruzika kwenye ndoo. Nikaenda bandani. Ndoo imefunikwa, kavu. Tunu amegeuza shingo kuelekea mlangoni. Hanitazami mimi, anatazama pembeni yangu.

Haikupita wiki, kiwele kikavimba upande ule, kikawa cha moto. Tunu anapiga mateke, majani hali. Nikamwita Magreth, daktari wa mifugo, akaja na bodaboda. Aliikamulia ile chuchu juu ya kitambaa cheusi ili uchafu uonekane, yakatoka mabonge na maji ya njano.

"Mama, maziwa yakibaki humo ugonjwa unapata nafasi," alisema. "Myatoe yote, kila mnapokamua."

"Na Somoe akija, akute nini?"

Magreth akaniangalia mimi. Nikasema nilichokijua: "Mama, Somoe alikuwa haachi hata tone."

Mama akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi. Akakamua kwanza zile chuchu nzima, ile iliyovimba ikawa ya mwisho, kwenye kopo la peke yake, ugonjwa usihamie kwingine. Yale mabovu tuliyafukia mbali na banda.

Magreth alitia dawa, na maziwa hatukunywa wala kuuza mpaka aliporuhusu. Sasa uvimbe umekwisha. Tunakamua kwa zamu, na tukimaliza tunachovya kila chuchu kwenye dawa. Tunu anakula vizuri.

Ila Mama, Kaka. Anasema tangu siku ile hamsikii tena Somoe akikamua alfajiri. Hata mimi sisikii kitu. Jana alikuwa anaanika vitambaa vya kukaushia kiwele, akaniuliza taratibu, "Riziki, tumemfukuza?"

Njoo, hata kwa siku chache, ukae naye.

Mama mdogo Rukia na mjomba Mussa wa Mikindani wanakusalimu. Wabusu watoto. Mungu awafunike kwa rehema zake, na amlaze dada yetu pema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Riziki