Wapenda vya Bure

Jumanne, Peckham

Uso bado unaniwaka.

Asubuhi nilikuwa kituoni nazungumza na dada yangu Zuhura kwenye simu, kwa sauti ya kumfikia Unguja hata bila simu. Namwambia Wakongo wa hapa wanapenda vya bure: jana wamefika, leo washapewa nyumba ya kaunsili, ile ya serikali, na kazi hawataki. "Mimi miaka thelathini nimefagia ofisi za watu," nikamwambia. "Sijala cha mtu." Kiswahili huku ughaibuni nakisema nipendavyo, maana nani atanielewa?

Basi likaja. Nikapanda huku bado nasema, nikagusisha kadi yangu ya wazee, ile ya kupandia bure. Ikalia.

Dereva, mwanamke wa umri wa binti yangu, akanitazama kwa upole kabisa.

"Jambo mama," akasema, akinionyesha kiti. "Mukongo ni mimi. Ikala tu, kodi yangu imekulipia."

Zuhura akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Nilikwenda kukaa nyuma kabisa, na mkoba nimeukumbatia kama mwizi. Niliposhuka, yule binti alinipungia mkono kupitia dirishani. Tangu hapo najaribu kumkasirikia, nashindwa. Nikimkumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Kesho nitakwenda kwa miguu, kama magoti yatakubali. Hayatakubali.

Nashukuru Mungu tu kwamba hakuniuliza nyumba hii nimepewa na nani.