Kaburi Kule, Matanga Huku

Rahaleo, Mtwara
Jumapili

Baba yangu,

Shangazi ameniachia meza ya jikoni mpaka maharage yaive, kwa hiyo nakuandikia.

Juzi redio ya shuleni ilitangaza kwamba wametia saini. Wapiganaji wa ng'ambo ya Ruvuma na Wareno wamekaa meza moja, na vita vimekwisha. Wasichana walishangilia mpaka mwalimu wa zamu akatuachia. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya darasa, kwa sababu habari ile ilikuwa yako na sikuwa na wa kumpelekea.

Unakumbuka nilikuuliza? Ulikuwa unamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, mimi nashika sinia. Nikasema, watu waliouliana watoto watakaaje meza moja. Hukuinua macho. Ulisema, "Hawakai kwa sababu wamependana, Somoe. Wanakaa kwa sababu wamechoka kuzika."

Halafu tukakuzika wewe, na kidogo tushindwe.

Nataka nikueleze ilivyokuwa. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umelala.

Amri ya kuhamia barabarani ilipokuja, wewe ndiye uliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na ni wewe uliyekwenda na kurudi kati ya watu na Katibu wa chama mpaka yakapatikana makubaliano. Tuhame mtoni, tujenge kijiji kipya penye shule na zahanati. Lakini kila msimu wa korosho mwenye mikorosho yake arudi kuokota, na makaburi ya mtoni yasiguswe. Nilidhani watu watakushukuru. Katibu alisema unawabembeleza wakaidi. Baba Mkubwa Hamisi, kaka yako wa tumbo moja, alisema umewauza. Alikataa kuhama, akaapa mguu wake hautavuka mlango wa nyumba yoyote ya kijiji cha barabarani. Alikusimanga mbele za watu: "Wewe ni maji ya mlango wa mto. Si chumvi, si tamu." Ukacheka, ukamjibu, "Ndiyo yenye kamba wengi, kaka." Lakini usiku ule hukula. Mama alirudisha ugali jikoni vilevile ulivyokuja.

Masika ikakukuta bado unakwenda na kurudi, leo kwa kaka yako, kesho ofisini kwa Katibu, matope mpaka magotini. Homa ikakushika. Nilipofika kutoka Mtwara ulikuwa umeshafunikwa.

Wewe ulikuwa maiti wa kwanza wa kijiji kipya, Baba. Hakuna aliyekuwa amewaza atazikwa wapi.

Baba Mkubwa alikuja na wanaume wa mtoni, akasimama nje, kwenye mvua, kwa kuwa alikuwa ameapa. "Kaka mtu nimekuja kumchukua mdogo wangu. Hazikwi penye malori." Katibu naye alikuwa pale na mwavuli wake. Akasema kwa upole, kwa kweli alisema kwa upole, "Ndugu Hamisi, nikiruhusu kaburi moja kule, kesho mtarudi wote nyuma yake." Baba Mkubwa akajibu, "Nawe ukimzika hapa, umeshatung'oa."

Wakakuinua. Wengine walishika mbele kwenda mtoni, wengine nyuma kukuzuia, na jeneza likawa linayumba ukumbini. Mama aliziba uso kwa kanga. Mimi nilitazama miguu ya watu. Sikuweza kutazama pengine.

Ndipo Bi Abiba akatokea chumbani. Unamjua mtani wetu yule, na unajua Myao kwenye msiba wa Mmakonde haambiwi kitu kwa mzaha wake. Alikuwa amevaa koti lako la kaki na kofia yako. Akaweka kigoda chako katikati ya mlango, akakaa, akakohoa kikohozi chako kilekile. Baba, nilishtuka.

"Haya, Wamakonde wakaidi," akasema, "wekeni chini huyo. Mwenyewe niko hapa."

Watu wakacheka, na huku wanalia. Jeneza likashuka.

"Hamisi. Usiniambie unachokikataa, hicho nakisikia tangu tunanyonya. Niambie unachokitaka."

Yalikuwa maneno yako. Ndivyo ulivyokuwa unawauliza waliokuja kwako na ugomvi wa mipaka na mbuzi. Baba Mkubwa alijipangusa mvua usoni. Kisha akasema, "Nataka alale na mama yetu."

"Na wewe, Ndugu Katibu mwenye mwavuli?"

"Sitaki watu warudi kule."

"Nimeuliza unachokitaka. Maiti atarudi kulima? Ana jembe huyu?"

Hata Katibu alicheka kidogo. Akakunja mwavuli. "Nataka hapa pawe kijiji," akasema.

"Basi mahali pasipoliliwa mtu si kijiji, ni kituo cha malori. Kaburi kule, matanga huku. Na wewe Hamisi, ukishamzika, utarudi kukaa mkekani hapa mpaka matanga yaanuliwe. Kiapo chako kamfukie nacho."

Nilijua kwamba akikataa, kila ulichokijenga kinakwenda na wewe. Baba Mkubwa alitazama jeneza. Halafu akasema, taratibu, "Mkeka wangu muuweke karibu na mlango."

Katibu alivua viatu, akatia bega. Wanaume waliporudi walituambia kwamba kwenye matope ya mikokoni yeye na Baba Mkubwa walikuwa upande mmoja wa jeneza.

Sitakudanganya. Matanga yalipoanuliwa Baba Mkubwa alirudi mtoni, hakuhamia. Katibu aliitwa wilayani. Alirudi, na mpaka leo hajasema aliambiwa nini. Mama amepungua. Kila asubuhi anakitoa kigoda chako nje, jioni anakirudisha, na hakuna anayekikalia.

Shuleni tulifanya mjadala: je, mwenye haki apunguze madai yake? Msichana mmoja alisema mapatano ni woga uliovaa nguo safi. Darasa likapiga makofi. Nikasimama. Nilisema, "Baba yangu hakuwa mwoga," na baada ya hapo sauti haikutoka. Mwalimu akasema, "Kaa, Somoe. Utamalizia siku nyingine."

Ninamalizia hapa. Nilitaka kumwambia yule msichana kwamba mwoga huchagua upande mmoja, apate wa kumkinga. Wewe ulipigwa na pande zote mbili, na bado kesho yake ukavaa koti ukatoka.

Sasa ni msimu wa korosho. Niliogopa kwamba ruhusa yako imefukiwa nawe. Lakini Mama ameniletea habari kwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Mkutanoni mtu aliuliza, na Katibu akajibu, "Makubaliano ya marehemu yako palepale." Watu wamekwenda kuokota na wamerudi. Na asubuhi moja walimu walikuta tenga la mabibo kwenye mlango wa shule mpya, yamefunikwa majani. Hakuna aliyemwona aliyeleta. Mama anasema tenga ni la Baba Mkubwa, anajua alivyolishona ukingo.

Nitakuja shule ikifungwa. Mama anasema njia ya kutoka barabarani mpaka kwako imeanza kuota nyasi. Nakuahidi, Baba, kila likizo nitaipita na jembe, kuanzia mlangoni kwetu mpaka miguuni pako. Nitaanza mwenyewe. Kisha nitamwomba Baba Mkubwa aanzie upande wake, tukutane katikati.

Pumzika sasa. Zamu ya kwenda na kurudi ni yangu.

Mwanao,
Somoe