Meli Uliyoipungia Mkono

Babangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Najua utasema nimekawia kuandika, na ni kweli, mwaka umepita na ushei. Kila nikishika kalamu naona afadhali nikupe kwanza habari za meli, kwa sababu ndizo ulizokuwa ukiuliza kabla hata ya kuniuliza nimelalaje. Basi wiki hii kuna foleni huko nje. Meli mbili za magari, moja ya mafuta ya kupikia, na za makontena usiseme. Gati zote zimejaa. Mwenye duka la vigae amekuja mara tatu asubuhi hii kuulizia meli yake, na mara zote tatu nimemjibu kwa maneno yako: "Iko nje, yangoja. Nawe ngoja."

Barua hii naiacha wazi, isomwe na atakaye, kwa hivyo yanipasa niwaeleze wasiokujua. Ulikuwa karani wa wakala wa meli miaka mingi. Kazi yako ilikuwa kujua meli gani inatoka wapi, inafika lini na itafunga gati ipi. Ulipostaafu, kazi yenyewe ikakataa kustaafu. Kila asubuhi ulikwenda bandarini ukachukua orodha ya meli kwa wenzako wa zamani, ukarudi Mji wa Kale ukaiandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa kando ya mlango wetu: jina la meli, ilikotoka, siku ya kutarajiwa. Wenye maduka walikuja kusoma, wa mchele, wa vigae, wa mitumba. Hata Mama Rukia wa mahamri alikuwa akisimama na beseni lake akisoma mpaka mwisho, naye hana hata kijiko kimoja kilicho baharini.

Ndani ulikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na sheria. Meli inayotarajiwa iliandikwa kwa penseli. Wino haukugusa karatasi mpaka meli iwe imefunga kamba gatini. Nilikuwa msichana wa sekondari siku nilipokuwa kivukoni Feri nikaiona meli ya mchele ikipita mbele yangu kuingia bandari ya Kilindini, nikakimbia nyumbani nikaiandika kwa wino, najiona hodari. Uliitazama ile hati yangu kama mtu aliyeletewa chai ikatiwa chumvi.

"Imefunga?"

"Imeingia, Ba. Nimeiona kwa mato yangu."

"Kuingia si kufunga, mamangu. Haya, nakili ukurasa mzima upya."

Niliunakili huku nanung'unika. Ile meli ilikaa ndani siku mbili ikingoja gati, na siku zote mbili ulikuwa ukipita nyuma yangu ukiimba imba. Mimi hasira zilinipanda, lakini tangu siku ile sijaandika kwa wino kitu ambacho hakijafunga.

Nilipokuja kununua simu yenye ramani ya meli za dunia nzima, nilidhani utafurahi. Uliiangalia kwa ncha ya miwani. "Hiyo yajua meli iko wapi," ukasema. "Haijui yaja lini." Ukanirudishia, ukachukua fimbo yako ukaenda bandarini kwa miguu. Nilikuona mkaidi, na ulikuwa mkaidi, lakini kila nikilinganisha, siku zako na siku za simu, zako ndizo zilizotimia.

Sasa nije kwa Swaleh. Mdogo wangu huyo, kitinda mimba wako, ulimtafutia kazi ya ukarani, kiti na meza na feni juu. Yeye akataka ubaharia. "Mimi ni mtu wa kungoja meli za watu," ulimwambia. "Sitaki mwanangu nimngoje naye." Alikwenda vivyo hivyo, akawa fundi wa mitambo kwenye meli za makontena, na asubuhi aliyoondoka wewe ulikuwa bandarini kuchukua orodha, siku hiyo ulikwenda mapema mno. Ukakaa mwaka mzima hulitaji jina lake.

Jina hulitaji, lakini kila Jumatatu: "Zuhura, hebu niangalizie meli hii kwenye simu yako. Kuna mteja auliza."

Mteja! Mara meli iko Kolombo, mara Singapuri, mara yaelekea Santos huko Brazili. Mteja gani wa Mji wa Kale ana shehena inayokwenda Brazili, Ba? Nilikuwa nikikuangalizia nikakujibu kwa heshima zote, "Mwambie mteja wako iko salama," nawe ukaitika, "Nitamwambia," uso mkavu kabisa. Siku moja nilifungua daftari kwa nyuma nikitafuta ukurasa mtupu. Nikaikuta safari yote ya Swaleh, bandari baada ya bandari, kwa hati yako nzuri. Zote kwa penseli. Nililifunga nikalirudisha mahali pake, sikukwambia, na siku hiyo nilikupikia biriani bila ya sababu, ukaniuliza kuna mgeni gani.

Mlikuja kupatana kwa simu, Idi moja. Maneno yenyewe yalikuwa ya mitambo tu, na kama chakula cha melini kina pilipili. Kwenu wanaume ndiyo mapenzi hayo, nami nilishukuru.

Kisha moyo wako ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi za nyumba zikakushinda, bandari ukaagana nayo. Nikawa naandika ubao mimi, wewe umekaa dirishani wanisahihisha kutoka juu, mtaa mzima unasikia. Ndipo Swaleh akapiga simu kwamba meli yake imepangiwa kuja Mombasa, mara ya kwanza tangu aondoke, miaka minne. Sijakuona ukibadilika vile. Ulinyoa ndevu, ukataka kanzu ipigwe pasi, na meli ikiwa bado siku tisa kufika.

Ilifika Jumamosi ikatia nanga nje, ikawekwa kwenye foleni. Nawe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote: baharia hashuki mpaka meli ifunge gati, hata kama nyumba yao aiona kwa macho. Jumapili uliuliza. Jumatatu uliuliza. Jumatatu hiyo daktari alikuja kukupima nyumbani, akaniita kwenye ujia akaniambia kwa sauti ya chini, "Kama kuna mtoto aliye mbali, mwiteni." Nilitaka kumjibu kwamba hayuko mbali, yuko pale nje tu.

Jumanne asubuhi uji ulikuwa hujaugusa. Nikaona nikupe kitu cha kukushikilia. Nikaja nikakaa kitandani, nikajitia kuchangamka.

"Ba, meli imeingia! Saa nne hii. Swaleh kesho yuko hapa."

Ulifumba macho, nikadhani ni furaha. Kumbe ulikuwa wahesabu.

"Leo mwezi wangapi?"

"Mwezi kumi na tano."

"Mwezi kumi na tano, bamvua, bahari hupwa kupita kiasi. Saa nne maji yamekupwa, miamba yote ya Laitihausi, pale mlangoni mwa bandari, iko nje. Meli ndefu namna ile, tena imejaa mzigo, yaingia na nini, Zuhura? Na miguu?"

Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nikaangua kilio, aibu na uchungu vimechanganyika. Mtoto wako mwenyewe, niliyelelewa juu ya daftari lile, nimesahau kutazama maji! Ukanishika mkono. "Usilie, mamangu. Hukudanganya vibaya. Umekosea saa tu." Halafu ukasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri, "Nipeleke nikaione."

Nilikukatalia kwa kila njia. Ukaanza kujishusha kitandani peke yako. Basi nikamwita jirani yetu wa tuktuk, akakubeba kushuka ngazi kama mtoto, wewe ukimlaumu kwamba akubeba kombo. Kanzu ile ya pasi ukaivaa. Tukapita Kizingo polepole chini ya miti, tukatokea Laitihausi, tukakukalisha kwenye benchi linaloelekea bahari. Kweli miamba ilikuwa nje yote. Ulinionyesha kwa kidevu.

Kule mbele meli zilikuwa tano. Ya Swaleh ilikuwa ya buluu, ya mwisho mkono wa kushoto. Nilikwambia hivyo, nikampigia simu, nikaifungua sauti tusikie sote. Upepo ulikuwa mwingi upande wake.

"Ba! Niko hapa juu, mbele kabisa. Nimevaa ovaroli ya rangi ya chungwa. Nawapungia. Waniona?"

Babangu, macho yako yalikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani, nawe hukutaka kupasuliwa. Ulikuwa ukisoma orodha kwa kuijua zaidi ya kuiona. Na kutoka pale hata mimi mwenye macho yangu mazima sikuona mtu, niliona meli tu, ndogo kama kiberiti. Uligeuza uso kulia. Kulia kulikuwa na meli nyekundu iliyokuja na ngano, iliyojaa kutu. Ukanyanyua mkono wako.

Nilifungua kinywa kusema, "Ba, si hiyo." Wewe ambaye hukupata kukosea meli hata siku moja, wewe uliyekuwa ukizitambua kwa mlio wa honi ungali umelala!

"Nakuona, mwanangu," ukasema. "Nakuona sawasawa. Mbona umekonda?"

Swaleh akacheka, kicheko kibaya, cha mtu anayelia. "Chakula hakina pilipili, Ba."

"Utakuja ule kwa dadako. Na mkono huo uteremshe, utachoka."

Lakini wako hukuuteremsha. Uliupunga mpaka kofia ikakuanguka, nikaiokota nikakuvisha, ukaendelea. Jirani wa tuktuk aligeuka akajifanya aangalia gurudumu. Nami nikafunga kinywa changu.

Ulituacha Alhamisi, baada ya adhuhuri, mkono wako ukiwa mkononi mwangu. Tulikuzika kabla ya magharibi. Meli ikafunga Ijumaa jioni, maji yamejaa. Swaleh alikuja moja kwa moja na begi begani, akaenda makaburini kwanza. Aliporudi alikaa barazani chini ya ubao, akaniuliza swali moja tu: "Dada, siku ile aliniona kweli?"

"Alikuona," nikamjibu.

Sikuona ubaya wa kusema vile, na siku ile sidhani ningeweza kusema jingine. Alilala usingizi. Akarudi melini akawasimulia wenzake, kwamba alikuwa na baba aliyeweza kuona mtu kutoka nchi kavu mpaka nanga ya nje, akamwambia amekonda, na kweli alikuwa amekonda.

Lakini, Ba, ameuliza tena. Aliuliza akiwa Durban, akauliza akiwa Kolombo, na juzi ameuliza tena, katikati ya maneno mengine, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Asiyeshuku haulizi mara nne. Yeye ni baharia, anajua mtu aonekana wapi na wapi haonekani. Nadhani analijua jibu, na ananingoja mimi tu. Naona nimemfunga kwenye nanga na neno langu moja, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Naogopa nikimwambia kweli nitamnyang'anya siku ile, na siku ile ndiyo aliyobaki nayo. Nisipomwambia ataendelea kuuliza kila bandari mpaka azeeke.

Kwa hivyo nimekuandikia wewe kwanza, kukuomba radhi na ruhusa pamoja. Wewe maisha yako yote ulisema uongo mmoja tu juu ya meli, ule wa "Nakuona sawasawa", nami sitaki kukuumbua kwa huo. Meli yake yafika Mombasa baada ya siku kumi, inshallah. Itakapofunga nitampa chakula, nimwache ashibe, kisha nitamwambia.

Nitamwambia: Swaleh, baba hakukuona. Alikuwa akiipungia meli ya ngano, uso wake wote unacheka, akiamini kabisa ndimo ulimo. Nilikuwa pembeni yake nami sikumgeuza, kwa sababu tangu nizaliwe sijamwona mtu akimwona mwanawe namna ile.

Pumzika, babangu. Mungu akupe nuru huko uliko.

Ni mimi bintiyo, dadake Swaleh.