Jibu Kuhusu Baiskeli ya Ishengoma

Mama yangu, Nyinabarongo,

Shikamoo. Nakuita hivyo bado, mama wa mapacha, ingawa majirani waliacha kukuita jina hilo tulipomzika mmoja wetu. Goti limekuachia walau uende misa bila fimbo? Na kibanja je, ule mnyauko umerudi nyuma au bado unamaliza migomba? Huku mimi nakula, nalala, nafanya kazi. Mwili haujanigomea.

Jumapili uliponiambia kwenye simu nimkataze Koku kuendesha baiskeli ya marehemu baba yake, nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Jibu langu lisingetosha kwenye simu, ndiyo maana naandika. Najua macho yako hayauwezi tena mwandiko wangu, na Koku mwenyewe ndiye atakayekusomea. Asome yote bila kuruka. Sasa ni mwalimu, na habari hii ni ya baba yake.

Mama, siku ile pacha wangu Ishengoma alipokufa hatujawahi kuizungumza. Wewe ulikuwa shambani Kagondo ukipalilia. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni, nimetangulia mjini kwa miguu kununua misumari. Ishengoma alikuwa anapeleka ndizi sokoni kwa baiskeli, mikungu kaifunga kwa kamba za mpira huku na huku kama kawaida yake. Nilisikia kishindo, kisha nikaona watu wanakimbilia kwenye kipilefti, nami nikakimbia nao. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika kanga. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye ndiye aliyeivua kanga yake, aliinua macho akaniona nimesimama mbele yake na uso uleule aliotoka kuufunika. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagota ukutani, akaniambia, "Wewe, si umelala hapa?"

Swali lake nimekuja nalo mpaka huku.

Dereva wa lori alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu, kila aliyemkaribia anamwambia hakumwona. Watu walitaka kumpiga. Mimi nilimwamini. Ishengoma alikuwa pembeni kabisa kushoto, anazunguka aendelee na njia ya sokoni. Lori lilikuwa ubavuni mwake, likakata kushoto litoke. Mtu aliye mahali pale dereva hamwoni hata kwenye kioo. Wote wawili walikuwa wamefuata barabara kama ilivyochorwa, na hilo limenitesa kuliko kama ningepata mtu wa kumchukia.

Ndiyo kazi ninayofanya huku Uholanzi. Wanajumuiya wakikuuliza huwa unasema natengeneza barabara. Hasa nachora vipilefti. Watu wa huku wote wanapanda baiskeli, hata masista, hata vikongwe wenye miwani minene. Mimi natembea. Wenzangu wanadhani naogopa baridi, lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimepanda baiskeli tangu msiba. Nikiwa nachora, nikifika pale gari linapotoka kwenye mzunguko, mkono unasita, nasikia zile kamba za mpira zikilia kama zilivyokuwa zikilia mzigo ukicheza nyuma yake. Nainua kichwa. Ofisi imetulia, watu wanakunywa kahawa.

Mwaka juzi tulipewa kipilefti kimoja nje ya mji, karibu na kiwanda cha maziwa, malori mchana kutwa. Wengine ofisini walitaka baiskeli zizunguke humohumo na magari, pembeni papakwe rangi nyekundu, basi. Mimi nilitaka njia yao iwe peke yake, izunguke kwa nje, iachane na magari kiasi cha urefu wa gari moja. Hapo gari linapotoka linakuwa limekwisha kugeuka, na mwenye baiskeli anatokea mbele ya dereva badala ya ubavuni mwake. Mkuu wangu, mwanamke aitwaye Marijke, alikubali, lakini nafasi haikuwapo. Ilibidi mzee mmoja mkulima atuachie ukanda wa shamba lake la matufaha, naye alikuwa amekwisha kukataa.

Tukaenda kwake. Unajua mtu anavyokipenda kibanja, Mama, kwa hiyo sikumshangaa. Alisema miti ile aliipanda na mkewe ambaye sasa ni marehemu, na kwamba watu wa ofisi huja na michoro, hawaji na sababu. Marijke alieleza, akarudia kueleza. Mzee akanigeukia mimi, akataka kujua natoka wapi na miti yake inanihusu nini. Nikamsimulia habari za Ishengoma, kwa lugha yao ninayoisema kwa kuchechemea. Nikamwambia pia kwamba tulikuwa mapacha, jambo ambalo Marijke hakuwa analijua miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Mzee alisogeza kikombe chake cha chai kando. Kisha akasema, "Basi huyo aliyekufa alikuwa na sura hii ninayoitazama."

"Ndiyo," nikasema.

"Na wewe unamwona kila unaponyoa ndevu."

"Ndiyo."

Akainuka, akavaa mabuti yake, akatutembeza hadi mpakani na kutuonyesha mti wa mwisho tutakaoukata.

Kipilefti kilifunguliwa mwezi uliopita. Asubuhi ile Marijke aliniletea baiskeli yake, akaniachia mkononi. Nikapanda. Miguu ilikuwa haijasahau. Nikaizunguka njia yetu, na nilipokaribia pa kuvukia, lori la maziwa likawa linatoka kwenye mzunguko. Mama, nilizisikia zile kamba za mpira nyuma yangu, karibu kabisa, kama mtu ananifuata na mzigo. Sikugeuka. Lori likapunguza mwendo, likasimama. Dereva, mwanamume mwenye ndevu nyekundu, alinitazama usoni akanipisha. Nikavuka. Nilipofika ng'ambo nikatazama, na lori lilikuwa bado limesimama. Njia ilikuwa tupu, lakini dereva aliendelea kungoja kidogo, kama anayempisha na mwingine.

Nilishuka nikakaa kwenye majani, nikalia kama ambavyo sikulia msibani.

Sasa jibu lako. Simkatazi Koku. Shule ya Buhembe anakofundisha ni mbali kwa miguu, na baiskeli si iliyomuua baba yake. Lakini kipilefti cha kwetu bado ni kilekile. Nimechora namna kinavyoweza kurekebishwa, nikampelekea mhandisi mmoja niliyesoma naye aliyeko huko. Amenijibu kwa upole kwamba nafasi hakuna, upande huu mtaro, upande ule vibanda, na wenye vibanda nao wana watoto wa kulisha. Ameahidi kuweka matuta pale magari yanapotokea, zaidi ya hapo hawezi. Mimi nitaendelea kumsumbua.

Koku mwanangu, hapa nasema na wewe. Ukikikaribia kipilefti, shuka mapema. Kokota baiskeli, uvuke wanapovuka waenda kwa miguu, na umtazame dereva mpaka uhakikishe amekuona. Usikae kushoto kwa lori hata kama limesimama, hata kama kengele ya shule imelia. Watacheka, mwalimu mzima anakokota baiskeli barabarani. Waache wacheke.

Nawe Mama, usimsindikize ukasimama njiani kumtazama. Bandika chai, ongea na kuku wako, fanya lolote. Ukisimama pale hutaondoka.

Nisalimie shangazi wa Kishanda, mwambie dawa ya kifua nitampa mtu anayekuja. Msalimie shemeji yangu mama Koku huko Muleba anakouza samaki wa visiwani. Aliolewa upya na wala simlaumu, kwangu bado ni mke wa kaka yangu. Na jirani yetu mzee, Ta Rugaimukamu, aliyetuchongea ule msalaba wa kaburini, mpe mkono kwa niaba yangu.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Saa Koku anayopita mjini, huku kutakuwa bado giza, nami nitakuwa macho. Koku, ukishavuka nibipu mara moja, ukate. Fanya hivyo kila asubuhi, si siku hiyo tu. Sitapokea. Nataka simu iite, inyamaze, nijue umepita.

Mwanao,
Kato