Mkuyu wa Wakwe

Mpemba, 9 Agosti 1951

Kwa mkwe wangu Amoni, kambi ya barabara,

Nakusalimu kwa adabu zote. Huku tu wazima. Mgongo wangu ndio una maoni yake, lakini siku hizi siusikilizi. Mwanangu Leah hajambo huko kambini? Na wewe, kifua kimepoa? Vumbi la barabara halijui kama mtu ana mke.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu umwoe Leah hatujasemezana, na ndivyo inavyopasa: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawaongei. Ukiniona njiani unaingia majanini, nami nageukia upande wa pili. Nimelitafakari hilo nikaona mababu walikataza macho na mdomo. Karatasi hawakuitaja. Basi barua hii nimempa mchuuzi wa chumvi wa kutoka Ivuna, anayepita kambini kwenu. Ikifika na chumvi, ipanguse.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi alikuja mtu wa barabara akaupaka mkuyu wetu msalaba wa chokaa. Mzee wa kanisa, Fanueli, alifurahi sana, akadhani serikali imeokoka. Mimi niliuliza, nikaambiwa msalaba ule maana yake ni shoka.

Wewe ndiye mnyapara wa kikosi hicho. Na unajua kwamba chini ya mkuyu ule ndiko inakotoka chemchemi, maji pekee ya kitongoji chetu kiangazi kikikaza. Mkuyu ukienda, maji yanaufuata. Tuliona kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Walikata wa kwao, leo wanateremka bondeni kuchota tope. Niambie kweli: ni wewe utakayeukata?

Mama mkwe wako,
Nesta


Kambi ya barabara, 14 Agosti 1951

Kwa Mama mkwe wangu ninayemheshimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaona kusimama peke yake hakutoshi, nikavua kofia. Leah mzima, kifua nacho kimenyamaza. Mgongo wako naupa pole.

Ni kweli, Mama. Bwana Barabara, ndivyo tunavyomwita yule Mzungu msimamizi, amevuta kamba kutoka hapa kuelekea mpakani Tunduma, na kamba imepita katikati ya mkuyu. Nilimwambia kuna chemchemi. Akasema serikali italeta bomba. Nikamwuliza lini. Akasema, "Amoni, wewe ni mnyapara au hakimu?"

Nikikataa, kofia hii ya unyapara atampa mwingine, na mti utakatwa vilevile. Nimepiga sululu muda mrefu kabla ya kuipata. Baba yangu kule Igamba amekwisha kuwatangazia watu kwamba mwanawe anaamrisha wanaume. Nadhani hata mbuzi wa jirani wanajua. Kwa upande mwingine, Leah amesema nikiinua shoka juu ya maji ya mama yake, nitafute mpishi. Tangu jana mboga haina chumvi, na wachuuzi wa chumvi wanapita mlangoni.

Nitajaribu kulichelewesha jambo hili. Zaidi ya hapo, Mama, sina nguvu.

Mkweo,
Amoni


Mpemba, 1 Septemba 1951

Kwa mkwe wangu Amoni,

Salamu zikufikie hapo ulipo na kofia yako. Sisi hatujambo. Leah mwambie aache ugomvi wa chumvi. Mume asiye na nguvu haongezewi nguvu kwa mboga chapwa.

Wazee walikwenda kwa Mwene, chifu wetu. Mwene akawapeleka kwa Bwana DC. Bwana DC akawapa viti, akawaambia barabara ni maendeleo. Wamerudi, na mpaka leo wanasifu vile viti.

Basi sisi wanawake tumekaa tukaona karanga ni nyingi mwaka huu, na majumbani hakuna kivuli cha kutosha. Kuanzia Jumatatu tutakuwa tunazimenyea chini ya mkuyu. Nitakuwapo mimi, na Tabita, mama mkwe wa Barnaba wenu, na Enesi aliyemwozesha Yonasi, na Ferista, ambaye mabinti zake wote wameishia kikosini kwako. Sidhani kama umewahi kuhesabu ni vijana wangapi wa kikosi chako waliooa hapa Mpemba. Sisi tumehesabu.

Sikuombi kitu. Mama mkwe hamwombi mkwe wake aharibu kazi. Nakuarifu tu, kwa heshima, usije ukatukuta ghafla ukaumia mguu kwa kukimbia.

Mama mkwe wako,
Nesta


Kambi ya barabara, 5 Septemba 1951

Kwa Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mguu niliumia.

Ulinionya, nami sikumwambia mtu, si wenzangu wala Bwana. Kwa nini, sijui. Labda nilitaka kuona. Tulipanda kile kilima tukiimba, mashoka begani, Barnaba mbele. Alipoona vilemba vyenu wimbo ukamfia mdomoni, akaingia majanini kama kwale. Yonasi nyuma yake. Nilipotambua kilemba cha bluu kuwa ni chako, nami sikungoja ushauri. Ndipo nikakanyaga shimo la muhanga. Barabarani yakabaki mashoka matupu.

Bwana akadhani ni simba. Alitoa bunduki garini, akanyemelea mpaka mkuyuni, akawakuta ninyi na ungo. Nasikia Mama Ferista alimpa karanga na akala.

Halafu akaja kututafuta. Akanikuta nimelala kifudifudi. "Amoni, mnaogopa nini?"

Nikasema, "Mama mkwe wangu, Bwana."

"Ana silaha?"

"Hana, Bwana. Ana karanga."

Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mpishi wake amemweleza kwamba Wandali hawana mwiko huu wetu. Kwao anayejificha ni mke wa mtoto, ndiye anayemkimbia baba mkwe wake. Kwa hiyo ameagiza kikosi kutoka milima ya Undali, na sisi tumehamishiwa kuchimba mifereji. Mama, karanga hazitafaa tena. Nakuambia mapema kama ulivyoniambia mimi.

Leah amerudisha chumvi.

Mkweo,
Amoni


Mpemba, 2 Oktoba 1951

Kwa mkwe wangu Amoni,

Pole ya mguu. Upake mafuta ya nyonyo, na uache kuuonyesha watu. Sisi wazima, tena tuna mambo.

Wandali walifika. Kiongozi wao ni mzee mmoja mpole, Lwitiko, na watu wake wote ni ndugu zake wa ukoo mmoja. Alipotuona chini ya mkuyu hakukimbia. Alivua kofia, akatuamkia mmoja mmoja, akamwuliza Tabita habari za mazao. Nimeishi nikiogopwa na wanaume wa makamo. Siku ile nilisalimiwa tu, nikajiona kama mlinzi aliyenyang'anywa mkuki. Wakatuomba kwa upole tusogee. Tukasogea. Wakakata tawi lile kubwa linaloelekea Tunduma. Lilipoanguka, Enesi alilia, na mimi nikajisingizia mafua.

Jioni hiyo Ruti alikuja kuchota maji. Humjui Ruti, ni binti wa hapa, ameolewa na fundi cherehani anayekaa karibu na duka. Mumewe ni Mndali. Mtoto wa Lwitiko.

Ruti alipomwona baba mkwe wake pale kwenye chemchemi alijifunika uso, akageuka mbio na mtungi mtupu. Ndugu wa Lwitiko nao kwa desturi ni baba wakwe zake, kwa hiyo hapakuwa na hata mmoja pale ambaye angeweza kukaa machoni pake. Asubuhi akaja tena, akakimbia tena. Mchana vilevile. Hakutumwa na mtu, Amoni, hilo niandikie moyoni. Alikuwa na watoto wenye kiu. Ningemchotea mimi, lakini unajua mgongo wangu. Ajabu ni kwamba wiki hiyo kila mwanamke wa Mpemba aliumwa mgongo.

Kesho yake Lwitiko aliona wajukuu zake wanaramba midomo mlangoni kwa fundi. Akaweka msumeno chini. Akawaambia wenzake kwamba mwanamume anayemzuilia maji mke wa mtoto wake hana sura ya kurudi nayo Undali. Wamehamia upande wa pili wa kilima, wanakaa wakipika, na msumeno umeota kutu kidogo. Bwana wako ndiye sasa anayekuja hapa peke yake, anauzunguka mti.

Nini kinafuata sijui. Tunaomba Mungu, na karanga bado zipo.

Mama mkwe wako,
Nesta


Kambi ya barabara, 20 Novemba 1951

Kwa Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na habari mbili, nikawa sijui itangulie ipi.

Mvua ya kwanza ilipoonekana upande wa Rukwa, Bwana aliniita. Barabara ilitakiwa ifike Tunduma kabla ya matope. Akaniuliza, "Katika nchi hii, Amoni, hakuna kabila lisilo na wakwe?" Nikamjibu kwamba mimi sijapata kulisikia. Akavuta kiko chake, mwishowe akaniamuru nikang'oe vigingi vya ile kamba. Barabara itaupita mkuyu kwa juu, mbali na chemchemi. Itakuwa na kona.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Ya pili ni kwamba kabla sijatoka aliniuliza kama ile Jumatatu nilijua mapema kuwa mko pale. Ningeweza kusema sikujua. Lakini mtu aliyelala kifudifudi mbele ya watu wake wote hana tena cha kuficha. Nikasema nilijua. Akanyoosha mkono, nikampa kofia. Anayeivaa sasa ni Barnaba. Mimi nimerudi kwenye karai na koleo, nasomba udongo wa hiyo hiyo kona.

Baba yangu hajui bado. Leah anajua, jana alipika kuku bila sikukuu.

Mkweo,
Amoni


Mpemba, 3 Desemba 1951

Kwa Amoni,

Sisi wazima, na maji yapo. Ruti anachota, Lwitiko amekwenda kwao na karanga za kutosha.

Kona imeanza kupitika, ingawa bado mnaishindilia. Madereva wa malori hawaipendi. Wanapopita wanatoa maneno ya Kibemba ambayo Mzee Fanueli anaomba yasitafsiriwe. Mimi naona ni kona nzuri. Tawi lililokatwa limeanza kutoa machipukizi.

Baba yako nimemwandikia mimi, usiniulize kwa idhini ya nani. Nimemwambia mwanawe hana kofia tena, na kwamba hapa Mpemba mtu akitaka kumpa sifa kijana wa kike anamwambia aolewe kama Leah. Atalikasirikia la kwanza kwa siku chache. La pili atalipeleka kwa majirani, ng'ombe na mbuzi wasikie.

Jana nilikuona unapandisha karai. Jua lilikuwa kali, nawe uliutazama mkuyu, ukatuona tupo, ukapita nje juani ukiwa umeinamisha kichwa. Nilikaa kivulini sikupata raha.

Nimesema na wenzangu. Kuanzia kesho, jua likisimama utosini, sisi wote tunaingia majanini, mpaka mpumzike. Tabita ananung'unika juu ya kupe, lakini ataingia. Kati ya mizizi utakuta kibuyu cha togwa. Njoo na vijana wote, mnywe, mlale kidogo. Msiharakishe kuondoka kwa ajili yetu. Kukaa majanini ninyi mmekuzoea, sisi tutajifunza.

Mama yako,
Nesta