Kofia Nyekundu, Mara Ishirini na Tano

Mama,

Kwaya yako wanataka kurekodi nyimbo zako, na wanataka kuitoa ile kofia. Mwalimu wa kwaya alikuja dukani Jumanne, akanunua misumari robo kilo ambayo najua hana kazi nayo, kisha akasema, "Dada Awiti, hii kofia nyekundu ya mtoto watu hawaielewi. Tuweke taji." Nikamwambia nitafikiria. Sikumwambia kwamba hata mimi siielewi, na kwamba imenikera tangu nijue kusoma.

Nimezitoa daftari zako tatu nikazihesabu vile nahesabu stoo. Nyimbo thelathini na saba. Kofia nyekundu ya sufu iko kwa ishirini na tano: imeanguka mtoni, imening'inia mlangoni, kuna mtu anamtafuta mtoto aliyeivaa. Mimi, mtoto wako wa pekee, sijawahi kuvaa kofia nyekundu. Siku moja nilikuuliza, ukiwa unachambua omena. Ukasema, "Ni wimbo tu. Leta sufuria." Ulivyosema haraka, nikajua kuna kitu.

Wacha niseme ukweli. Nilidhani una mtoto mwingine mahali. Kila mwanamke aliyetoka ushago, kule kijijini, kukutembelea nilimchunguza paji la uso nione kama ni lako. Hata kwa mazishi yako sikulia vizuri, Mama. Nilikuwa naangalia nani analia kunizidi. Hakukuwa na mtu. Hiyo nayo nikaona ni njama.

Jumamosi nikaenda Kawangware kwa Auntie Rispa, aliyekuimbia sauti ya pili miaka yote. Alinizungusha. Akaleta chai, akaleta habari za goti lake. Nikamwekea daftari mezani. "Wewe mtoto," akasema, "unakagua nyimbo za mamako kama mtu ananunua viazi?" Kisha akaniuliza kama najua kwa nini naitwa Awiti. Nikasema ni jina la nyanya, ndivyo uliniambia. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kumbe Awiti ni mtoto aliyetupwa, na mimi nilitupwa. Siku ya tatu baada ya kunizaa ulinilaza juu ya gunia kando ya njia, hapo mtaani Kambi Muru. Rispa akapita kama hajui kitu, akaniokota, akakuletea mlangoni: "Nimeokota mtoto, nilelee." Ndivyo Wajaluo wanafanya mtoto akizaliwa nyuma ya aliyekufa, ili kifo kione huyu hana mwenyewe, kimwache. Na aliyenitangulia alikuwa msichana. Miezi minane. Alizikwa na kofia yake.

Basi nimeambiwa. Lakini unanijua, sikuamini kabla ya kurudia hesabu. Daftari ya kwanza, kabla sijazaliwa: mara tisa. Sawa, hizo ni zake. Miaka ishirini na mbili niliyokaa na wewe Gatwekera: mara mbili tu. Halafu nikafungua duka, nikahamia ghorofa za Nyayo Highrise, dakika kumi na tano kwa miguu, nikawa nakuja Jumapili moja moja, tena nikiangalia saa. Hapo kofia ikarudi. Mara kumi na nne.

Ungeniambia, Mama. Ungesema tu, "Awiti, njoo." Badala yake ukaandika mtoto anatafutwa, ukasimama mbele ya kanisa ukaimba, nami niko kiti cha nyuma nashuku watu. Kati ya hizo kumi na nne, zangu ni ngapi? Rispa anasema hajui. Nimemuuliza mara mbili. Bado nahisi anajua.

Mwalimu nimempa jibu: taji, hapana. Nimemwambia pia sehemu yako nitaimba mimi, na sauti yangu unaijua. Rispa ameahidi kunishika pale nitateleza.

Pumzika sasa. Zote thelathini na saba zitaimbwa vile uliziandika. Na zile kumi na nne, mimi nitaitika zote. Kama zingine ulikuwa unamwita dada yangu, atanisamehe.

Awiti